Mwaka Nilioishi Buffalo Kwenye Karatasi

Nilipokuwa na miaka kumi na minne niliishi Buffalo kwa mwaka mzima bila kujua. Nililala Louisville, kusini mwa jiji, karibu na bustani ya Iroquois, katika chumba kimoja na dada zangu wawili. Nilisoma Louisville, nikang'olewa jino Louisville, nikampenda kimya kimya mpiga kinanda wa kanisa letu, Louisville. Lakini kwenye fomu ya kodi ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, nilikuwa mtoto wa nyumba yake huko Buffalo, mji ambao sikuwahi kuukanyaga. Aliyeniandika huko alikuwa baba yangu mwenyewe.

Nilikuja kulijua hilo miaka kumi na miwili baadaye, katika majira ya kuchipua, wakati baba alipokuwa akingoja siku ya kusomewa kifungo.

Baba alikuwa mtu wa karatasi. Sisi tuliotoka milima ya Kivu ya Kusini tulifika hapa na mikono ya kazi: ghala, kiwanda cha nyama, kuogesha wazee wa watu wengine. Baba pia alifanya kazi ghalani, siku nne kwa wiki. Siku zilizobaki alikaa katika chumba alichokodi nyuma ya duka la vyakula, na kompyuta moja na printa iliyolia kama mbuzi, akiwajazia watu fomu. Walimletea barua ambazo hawakuzifungua, kwa kuwa ziliandikwa Kiingereza na zilikuwa na dirisha la plastiki. Shule, bima, uraia, kodi. Alizifungua, akazisoma, akawaambia, "Hii si kitu," au, "Hii keti chini."

Fomu ya kodi huuliza ni watoto wangapi wanaoishi kwako. Kwetu swali hilo halina jibu moja. Mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako, na analala pale usingizi ulipomkuta. Baba alianza kwa kuandika watoto mahali walipolala kweli. Kisha akawaandika mahali ambapo wangeweza kulala. Mwishowe alikuwa akiwahamisha kwenye karatasi, kutoka nyumba ambayo hawangeiletea faida kwenda nyumba ambayo serikali ingeirudishia fedha, na akawa anachukua sehemu yake. Hapo ndipo hatia ilipokuwa, na sitaipamba. Aliitwa mbele ya mahakama ya shirikisho, akakiri.

Wakili wake alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyezungumza na baba kama daktari anayemwambia mgonjwa ukweli wote. Alitueleza kilichobaki. Afisa wa mahakama angekuja nyumbani kumuuliza baba maisha yake, kisha aandike ripoti. Watu wanaomfahamu wangeandika barua kwa jaji. Na baba mwenyewe angesimama aseme neno. Jaji akimwona mtu mzima, pamoja na maisha yake yote, huenda ikawa miezi kumi na minane. Akiona mashtaka tu, itafika thelathini.

"Kuna mtu mgonjwa anayekutegemea wewe?" wakili aliuliza. "Mtu ambaye hana mwingine?"

Baba alitazama kiganja chake. "Iko dada yangu. Buffalo."

Mafigo ya shangazi yalikuwa yamekufa. Mara tatu kwa wiki alipelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Hakuwa na mume, na watoto wake watatu waliuawa siku moja, kabla sijazaliwa, kwenye njia ya kuteremka mlimani. Baba ndiye aliyezungumza na hospitali kwa simu kwa niaba yake, aliyempangia gari la kumchukua, aliyeendesha saa nane na zaidi kila mwezi kwenda kumjazia friji. Madaktari hawakuwa wakimpa miaka mingi. Kwa hiyo kila mtu chumbani alielewa hesabu ile bila kuitamka. Akifungwa miezi kumi na minane, huenda angemkuta. Akifungwa zaidi, huenda asimkute.

"Nileteeni barua ya dada yako," alisema wakili. "Hiyo ndiyo nzito."

Kazi ya kukusanya barua na kuzitafsiri ilinijia mimi. Nilikuwa nimechapisha riwaya moja, na nyumbani hilo lilimaanisha kwamba kila kitu chenye herufi ni changu.

Nilianzia Columbus, kwa binamu mkubwa wa baba anayeishi Westerville, tunayemwita Papa Mukubwa. Nilifika Jumamosi mchana nikakuta wanaume wanane sebuleni, wote wamevaa makoti ya kanisani, chai ya maziwa mbele yao. Nilikuwa nimeomba barua. Wao walikuwa wameitisha kikao.

"Andika," alisema Papa Mukubwa. "Andika hakuiba."

"Papa Mukubwa, ameshakiri mbele ya jaji."

"Alikiri juu ya adabu. Mutu mukubwa akikuuliza kintu mbele ya bantu, utamubishia?"

"Hata kama ni kwa sababu ya adabu, wakili anasema barua ikikana kosa itamuumiza."

"Bon." Alifikiri. "Basi andika alikosea, lakini alikosea na roho muzuri."

Mzee mwingine, mwenye kofia ambayo hakuivua hata ndani, aliinua kidole. "Mi nina swali. Juu ya nini tunaandika? Huyu jaji eko na nyumba, ao hapana? Tuende bazee batano. Tuketi. Tumuambie, huyu ni wetu, kosa ni yetu, tunaomba. Mutu haombewe na karatasi."

"Na ng'ombe ya kuomba musamaha?" akauliza wa pembeni.

"Ng'ombe utaipata wapi? Mitaa ya Hilliard?"

"Ndugu yangu kule iko na friji ya nyama. Iko kama nusu ya ng'ombe."

Walicheka mpaka chai ikamwagika, na mke wa Papa Mukubwa akachungulia kutoka jikoni kuona ni msiba gani huu unaochekesha. Nilicheka nao. Kisha nikawaeleza kwamba kumfuata jaji nyumbani ni kosa lenyewe, na kwamba wangeongeza kifungo badala ya kukipunguza. Kicheko kiliisha polepole, mmoja baada ya mwingine.

Papa Mukubwa aliuliza, "Donc, basi, hapa mutu anahukumiwa peke yake?"

"Peke yake."

"Ata bibi yake hasimame naye?"

"Mama atakaa nyuma, kwenye viti vya watu."

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Nilimwona akimhurumia jaji pia, mtu anayefanya kazi kama hiyo bila wazee upande huu wala ule.

Waliandika. Niliondoka na barua saba, na nilipozisoma kwenye gari nilitamani kulia. Sita zilimshukuru baba kwa zile zile fomu. "Alinisaidia na karatasi zangu, akanipatia kilicho changu." Hawakujua njia nyingine ya kusema kwamba mtu ni mwema isipokuwa kutaja mema aliyowatendea, na mema aliyowatendea ndiyo yaliyokuwa kwenye mashtaka. Ni moja tu ingeweza kwenda kwa jaji, ya mjane aliyekuwa jikoni na mke wa Papa Mukubwa, aliyesema baba alimfundisha kuendesha gari bila kumfokea hata mara moja.

Jumapili baada ya ibada niliendelea kaskazini. Theluji ilikuwa bado imelala kando ya barabara karibu na ziwa, chafu, kama mashuka yaliyosahauliwa kwenye kamba. Nilifika Buffalo alasiri. Shangazi aliishi ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao upande wa magharibi wa mji, na alikuwa ameteremka ngazi zote kunipokea, ingawa hakutakiwa. Tangu utotoni nilikuwa nimemwona kwenye harusi na misiba tu, huko Louisville. Alinishika uso kwa mikono miwili.

"Umechelewa kuya kwenu," alisema.

Nilidhani ni mzaha wa shangazi kwa mpwa. Tukapanda.

Sebuleni kwake, juu ya runinga, palikuwa na picha moja tu yenye fremu. Ilikuwa picha yangu ya shule, nina miaka kumi na minne, nina waya kwenye meno. Na nyuma ya sebule palikuwa na chumba kidogo chenye kitanda kimoja, kimetandikwa shuka la maua. Nilipokikalia kilichakacha. Godoro lilikuwa bado ndani ya plastiki yake.

"Hiki cha nani, Shangazi?"

"Cha kwako. Papa yako hakukuambia?"

Alinieleza akiwa amesimama mlangoni, mkono wenye mshipa uliovimba kwa sindano ukiwa umeegemea fremu ya mlango. Mwaka ule baba alikuwa amekuja kumjazia fomu yake ya kodi. Walifika kwenye swali la watoto. Halafu baba akaandika jina langu, akamsomea: mtoto mmoja, anaishi hapa.

"Nikamuuliza, eko wapi? Akasema, atakuya. Nikaenda kununua kitanda siku ile ile, kusudi isikuwe uongo." Alitabasamu. "Barua ya serikali ikafika. Iko na jina yangu, na jina yako chini. Nilionesha jirani. Nilisema, munaona? Mi pia niko na mutoto."

Niliipapasa ile plastiki chini ya shuka.

Asubuhi iliyofuata alinitamkia barua yake nami nikaiandika neno kwa neno. Alianza kwa kumsalimu jaji na watoto wa jaji, akamwombea afya. Akaeleza mashine, gari, simu za kila Jumatatu, friji. Halafu akafika alipotaka kufika tangu mwanzo. "Huyu ndugu yangu, wakati sikukuwa na mutu, alinipa mutoto. Alimuandika kwa nyumba yangu."

Kalamu yangu ilisimama. "Shangazi, hii tusiiandike."

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu si kweli. Sikuwahi kuishi hapa. Itamletea Papa kosa lingine, na wewe pia watakuuliza."

"Ile njo maneno ya kwanza nataka jaji asikie." Alikuwa mtulivu kabisa. "Ukitosha ile, ukiiondoa, inabakia nini? Eti ananipigia simu? Ata kampuni ya umeme inanipigia simu."

"Shangazi, nakuomba."

"Andika, mwanangu. Barua bila ile ni barua ya mutu mwingine."

Niliandika. Ilikuwa mistari sita. Aliweka sahihi yake, herufi kubwa kubwa, akiisindikiza kila moja kwa ulimi.

Siku hiyo nilimpeleka kwenye mashine. Alipolala damu yake ikienda na kurudi kwenye mirija, nilikaa kando yake na kompyuta magotini nikatafsiri barua kwa Kiingereza. Nilitafsiri vizuri. Nadhani sijawahi kuandika vizuri hivyo, kwa sababu sikuwa natafuta uzuri wangu bali wake. Nilipofika kwenye ile mistari sita, niliiruka. Nilifunga pengo kwa sentensi moja fupi, hivi kwamba mtu asingeona palipokatwa. Nilijiambia kila mtafsiri huchagua. Nilijiambia wakili hasomi Kiswahili, wala jaji. Nilimtazama shangazi, mdomo wake umefunguka kidogo kama wa mtoto, nikajiambia kwamba mistari sita si kitu mbele ya miezi kumi na miwili.

Nilirudi Louisville Jumanne. Baba alikuwa jikoni, anaimba namba za simu. Wakili alikuwa amemwambia kwamba siku ya kuingia gerezani simu yake itabaki nje, na asiyejua namba kwa kichwa atakaa wiki nyingi bila kumpigia mtu. Baba hakuwahi kushika namba yoyote. Basi alizitia kwenye kiitikio cha wimbo wa kanisani, namba ya mama, yangu, ya dada zangu, ya shangazi, akawa anaimba huku anaosha vyombo, na mama alikuwa akimsahihisha kutoka chumbani: "Tisa, si sita! Utapigia mutu wa pizza!"

Nilimpa barua zote mbili. Nilitegemea asome ile ya Kiswahili tu, sauti ya dada yake, na afarijike. Alikausha mikono, akavaa miwani, akaziweka mezani sambamba. Kidole cha kushoto kwenye ya Kiswahili, cha kulia kwenye ya Kiingereza. Alizishuka hivyo mstari kwa mstari, kama alivyofanya maisha yake yote kwa barua za watu. Kidole cha kushoto kikasimama.

"Hapa iko mistari sita," alisema. "Huku iko wapi?"

"Nilipunguza kidogo."

"Juu ya nini?"

"Ili upunguziwe, Papa."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alivua miwani akaiweka juu ya jina la dada yake.

"Ata mi, njo vile nilianza," alisema.

Mama alikuwa amefika mlangoni.

"Tulifika kwa ile swali," alisema baba. "Batoto ngapi? Dada akaniambia, andika sifuri tu. Nikaangalia kidole yangu. Ikakatala. Nitaandika sifuri aje kwa mutu aliyezaa batatu? Donc nikaweka jina yako. Wa kwanza nilimufanyia juu ya huruma. Wa pili alisikia, akakuya, nikamufanyia juu ya haya, nitamunyima aje? Wa kumi, nilikuwa na bei." Alinirudishia karatasi ya Kiingereza. "Wewe uko kwa wa kwanza. Rudisha ile mistari."

Niliirudisha pale pale mezani, naye akiwa amesimama nyuma yangu.

Wakili aliisoma barua kamili ofisini kwake mara mbili. Alisema ndiyo nzuri kuliko zote, na kwamba hawezi kuipeleka bila kumwingiza shangazi, kwa kuwa jaji anaweza kuhesabu hata yale ambayo hayamo kwenye mashtaka, na aliyepokea fedha kwa mtoto asiye wake huulizwa. Alisema pia, akinitazama mimi sasa, kwamba kama ningempa tafsiri iliyokatwa naye akaipeleka bila kujua, lingekuwa kosa langu mwenyewe mbele ya mahakama. Hakujua kwamba tafsiri kama hiyo ilikuwepo. Nilitazama viatu vyangu.

"Tunaweza kuleta vyeti vya hospitali," aliendelea. "Tuseme tu kwamba ni mgonjwa, na kwamba anakutegemea."

"Wataitikia tu?" baba aliuliza. "Ao batapiga simu kwake?"

"Afisa atampigia. Ni kazi yake kuhakikisha."

Baba alicheka, kicheko kidogo cha kweli. "Akipigiwa, atashukuru. Dada yangu hawezi kunyamazia mutu aliyemusaidia. Ataambia ule afisa yote, ata bei ya kitanda." Kisha akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, ili wakili aandike, kwamba jina la dada yake lisiingie kwenye kesi hii, si kwa barua wala kwa cheti.

"Unaelewa unachokiacha?" wakili aliuliza.

"Naelewa. Najua kuhesabu."

Usemi wake kwa jaji nilikuwa nimemwandikia pia, kurasa tatu, zenye milima, vita, na ukungu wa asubuhi. Aliusoma wote kwa heshima. "Iko muzuri," alisema. "Lakini huyu mutu, simujue." Akaukunja akauweka ndani ya Biblia yake. Sijui kama aliusoma tena.

Siku ya hukumu wazee watano walikuja kutoka Columbus. Walikuwa wametoka gizani ili wafike mapema, na walikaa mstari mmoja nyuma yetu, makoti yale yale, kofia safari hii mkononi. Karani alipotaja jina la baba, baba alisimama. Na wale watano nyuma yetu wakasimama pamoja naye. Hawakuwa wamepanga, nadhani. Askari wa mahakama aliwaashiria wakae. Papa Mukubwa alimjibu kwa kuinamisha kichwa, kama unavyomsalimu mtu mliyekutana njiani, na akabaki amesimama mpaka askari alipoanza kumwendea. Ndipo wakakaa, mmoja mmoja. Jaji aliona. Aliandika kitu, au labda alichora tu.

Baba alizungumza kwa Kiswahili, na mkalimani akamfuata.

"Niliandika uongo," alisema. "Nilijua ni uongo. Bantu walinishukuru, na nilipenda kushukuriwa, nikaendelea. Kisha nilipenda na ile makuta, pesa yenyewe. Batoto niliandika ni batoto wa bantu, si karatasi. Naomba musamaha kwa nchi iliyonipokea." Wakili alingoja kama ataongeza. Hakuongeza.

Jaji alisema amesikia, na kwamba anaamini majuto yake. Alisema ameisoma barua ya mjane na imemgusa. Lakini mke wake ana kazi na watoto wake ni watu wazima. Hakuona kwenye faili mtu yeyote ambaye angeachwa bila msaada. Alisema hivyo kwa upole, akipekua kurasa mara ya mwisho, kana kwamba anampa mtu huyo nafasi ya kutokea. Barua ya shangazi ilikuwa kwenye mkoba wangu, miguuni. Niliweka mguu juu yake.

Miezi thelathini. Angejipeleka mwenyewe gerezani baada ya wiki sita.

Wiki hizo zilikuwa na kazi nyingi, na kazi ilitusaidia. Baba aliziba meno mawili, kwa sababu waliotangulia humwambia kila mtu atibu meno akiwa nje. Alipata miwani mpya isiyo na chuma. Alimpa mama sahihi ya kusimamia mambo yake, akamfundisha kulipa umeme kwa simu, na mama, aliyewahi kuvuka mito na mtoto mgongoni, aliogopa kubonyeza kitufe cha kutuma. Alifunga kile chumba nyuma ya duka. Watu walikuja kuchukua bahasha zao, wakasimama mlangoni wasijue kama inafaa kusema asante. Wengine walisema. Kila aliposikia neno hilo niliona bega lake likishtuka.

Shangazi alikuwa akijua siku ya hukumu. Alipiga simu kabla hatujafika nyumbani kutoka mahakamani, na baba akaiweka kwenye spika.

"Jaji alisoma barua yangu?"

Mama alimtazama baba. Mimi pia. Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo.

"Hapana, dada. Nilikatala isisomwe."

Tulimsikia akizima runinga. "Uko mujinga tangu utoto," alisema. "Ngapi?"

"Miezi makumi tatu."

"Mi nitakuwa wapi ile wakati?"

"Utakuwa hapo, dada."

"Usiniahidi. Mutu wa mashine haahidiwe." Kisha, kwa sauti nyingine: "Ulikula?"

Tulimpeleka siku ya kwenda, mama na mimi, mchana, kwenye gereza lililoko mbali katikati ya mashamba, ambako hapakuwa na ukuta mkubwa kama nilivyodhani, bali nyasi zilizokatwa vizuri na jengo lenye mlango wa kioo. Aliruhusiwa pete yake ya ndoa isiyo na jiwe, miwani na Biblia. Alivua saa akanipa. Alivua mkanda akampa mama, na mama akaukunja mara nyingi, ukawa mdogo kama yai. Kwenye maegesho aliimba namba zake zote mara ya mwisho, hakukosea hata moja. Ya shangazi aliiweka mwisho. Alipofika pale alirudia kiitikio, kisha akaingia ndani bila kugeuka, kwa kuwa tulikuwa tumekubaliana asigeuke.

Mwezi uliofuata nilihamia Buffalo. Sikumwambia mtu kwamba ni wajibu, na wala sikuhisi hivyo. Mtu anahitajika kupiga zile simu za Jumatatu kwa hospitali, na kazi yangu ninaweza kuifanya popote penye meza. Siku ya kwanza niliondoa plastiki kwenye godoro. Ilikuwa imegandamana na kitambaa kwa miaka yote ile, ikatoka vipande vipande, na shangazi alisimama mlangoni akilalamika kwamba naharibu kitanda kipya.

Fomu ya gereza ya watu wanaoruhusiwa kumtembelea baba ilinifikia huko. Inauliza uhusiano. Niliandika mtoto. Inauliza unapoishi, nami nikaandika namba ya nyumba, mtaa, Buffalo. Nilikaa na kalamu kwa muda kabla ya kuweka sahihi, nikisoma nilichoandika kwa kidole, mstari kwa mstari.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tunatoka saa kumi na mbili asubuhi. Shangazi hukaa kiti cha mbele na blanketi magotini. Amekonda, na siku hizi ngazi tunazishuka kwa vituo, mara mbili tunapumzika. Tukifika, kabla muuguzi hajamchoma, huniuliza swali lile lile.

"Inabakia ngapi?"

"Ishirini na sita, Shangazi."

Huwa anaifikiria namba hiyo kwa muda, kama mtu anayepimiwa nguo. "Bon," husema, na kumpa muuguzi mkono wake.